Programu ya bajeti isiyouza siri za watu italipwa na nani?

SWALI: Nimetengeneza programu ya Android inayosoma SMS za M-Pesa na Airtel Money na kupanga matumizi ya mtu. Data yote inabaki kwenye simu. Watumiaji wapo, ila siingizi hata senti. Kampuni moja ya mikopo iko tayari kunilipa kila mwezi nikiweka kipande cha msimbo wao ndani. Sitaki matangazo wala kuuza data za watu. Nifanyeje? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Hao wa mikopo wakatalie leo, maana wanachokitafuta ni data ya hizo SMS. Soma SMS moja tu ya muamala: ina jina la aliyetumiwa, kiasi, tarehe, saa na salio. Za miezi sita zitakuonyesha mshahara unaingia lini, kodi inachelewa mara ngapi, duka la dawa linatembelewa kila baada ya siku ngapi. Na huyo aliyetumiwa pesa hajakubali lolote kwenye programu yako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kutumika Tanzania tangu Mei 2023, kwa hiyo maswali yatakujia wewe, si wao. Google Play nayo huruhusu kusoma SMS kwa tamko maalumu la matumizi. Ukitamka bajeti halafu data ikaenda kwa mkopeshaji, programu inaweza kuondolewa.

Usiogope sana suala la mtaji. Kwa kuwa huna seva, gharama zako ni ndogo, na hapo ndipo unapowazidi wakubwa. Mint, programu ya bajeti ya Marekani, ilikuwa ya bure, ikiishi kwa matangazo na kamisheni za kadi na mikopo iliyopendekeza kwa watumiaji. Kampuni ya Intuit, walioinunua 2009, waliifunga Machi 2024.

Michango ya hiari ipokee, lakini usiipangie bajeti. GnuCash, programu ya hesabu za fedha, ipo tangu miaka ya 1990 kwa nguvu ya watu wa kujitolea. Actual Budget ilianza kama programu ya kulipia, kisha mwaka 2022 mwenyewe akaiachia kuwa huria (msimbo wake wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha), na sasa inaendelezwa na jamii. Programu zimeishi, ila kuishi kwa programu hakulipi kodi ya nyumba yako.

Uza huduma. Obsidian, programu ya kuandikia kumbukumbu, wanatoa programu bure na kulipisha usawazishaji kati ya vifaa, uliofungwa kwa usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho, yaani hata wao hawawezi kuzisoma. Wewe pia lipisha nakala rudufu. Simu huibwa na huanguka majini, kwa hiyo mteja anaelewa analipia nini. Ufunguo abaki nao yeye. Mwambie kabla hajalipa, kwa maandishi makubwa, kwamba akiupoteza huwezi kumfungulia. Usipofanya hivyo, mteja wa kwanza atakayekulilia atakushawishi uanze kutunza funguo za watu.

Swali gumu zaidi ni nani atalipa. Anayepanga bajeti ya nyumbani mara nyingi anaipanga kwa sababu pesa hazitoshi, usimtegemee. Mtafute mwenye duka anayepokea malipo kwa simu, au mweka hazina wa kikoba anayekesha akilinganisha SMS na daftari. Huyo mpe ripoti ya mwezi anayoweza kuchapisha na kuisoma mbele ya wanachama, itengenezwe ndani ya simu yake. Mtoze kwa mwaka. Wateja 500 wakilipa shilingi 10,000 kila mmoja ni milioni 5. Google ikikata asilimia 15 unabaki na 4,250,000, yaani kama 354,000 kwa mwezi kabla ya kodi. Usiache kazi bado. Ila ukifikisha 2,000, tutazungumza lugha nyingine.

Ruzuku pia zipo. Taasisi ya NLnet ya Uholanzi hutoa kati ya euro 5,000 na 50,000 kwa maombi ya kwanza, kwa sharti kwamba kazi itolewe kwa leseni huria, na hulipa kila hatua ikikamilika. Usiwapelekee kisomaji cha SMS za M-Pesa. Waombee sehemu inayowafaa wengi, kama maktaba ya msimbo wa usawazishaji uliosimbwa, ambayo watengenezaji wengine wanaweza kuitumia. Iwe huria, nawe uendelee kulipisha uendeshaji wake.

Watumiaji ulio nao sasa wabakie na kila walichozoea bila malipo. Ada iwekwe kwenye vipya tu.