Ushawishi si bahasha tu
Wengi wanadhani washawishi, yaani watu wanaolipwa kuwasukuma wabunge wapitishe sheria zinazomfaa aliyewatuma, wanafanya kazi kwa hongo tu. Hapana, si lazima watoe hongo, silaha yao kubwa ni taarifa. Mbunge ana miswada kibao mezani na wasaidizi wachache, sasa anakuja mtu wa chama cha wenye viwanda na takwimu zake mkononi, kifungu kimeshaandikwa mpaka koma, kilichobaki ni kukichomeka tu na mara nyingi kinachomekwa kweli. Cheki sukari ya Marekani: wazalishaji ni wachache ila wamejipanga, serikali inabana sukari ya nje kwa kota (kikomo cha kiasi kinachoingia) na ushuru, bei ya ndani inakaa juu ya ile ya soko la dunia, halafu mlaji mmoja mmoja anaumia kidogo tu kwa mwaka kwa hiyo hakuna anayeandamana. Hapo ndo penyewe. Hela za kampeni zipo pia, sikatai, na kule tangu sheria ya 1995 washawishi wa kulipwa wanatakiwa wajisajili na waseme wanamfanyia kazi nani, ila haiwalazimishi kusema kifungu fulani kiliandikwa na nani, na hilo ndo linaniuma zaidi.