Gowon aliishia wapi baada ya kupinduliwa?

Ndugu, hakufungwa wala kuuawa kama ulivyosikia. Alirudi shule!

Yakubu Gowon, mwanajeshi, alishika uongozi wa Nigeria mwaka 1966 akiwa na miaka 31 tu, bado luteni kanali. Ujenerali ulikuja baadaye. Vita vya Biafra (eneo la mashariki lililotaka kujitenga na Nigeria) vilipoisha Januari 1970 akatangaza hakuna mshindi wala mshindwa, na hapo nampa heko. Kilichomponza, kwa maoni yangu, ni kuahirisha mwaka 1974 ahadi ya kurudisha utawala wa kiraia. Julai 1975 yuko Kampala kwenye mkutano wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika), mwenyeji Idi Amin wa Uganda (naye jenerali wa mapinduzi), nyumbani wenzake wakampindua. Akaenda Uingereza, Chuo Kikuu cha Warwick, akasoma sayansi ya siasa hadi uzamivu.