Mwanangu, kuhusu hiyo picha ya tisheti

Mwanangu,

Voisi yako nimeisikiliza. Unauliza mtu mweusi akichukua vile vikatuni vya zamani vya Wamarekani vya kutucheka, midomo mikubwa macho yamemtoka, akavitia kwenye sanaa yake, anatutetea au anasaidia kueneza tusi, na we mwenyewe unataka kimoja kikae kwenye tisheti za kuuza.

Mi sijasomea sanaa, unajua nimechora vibao vya saluni maisha yangu yote, kichwa cha Tupac ndo kimewanunulia madaftari. Ila kwenye hili mtafute gugo mama mmoja anaitwa Betye Saar, kazaliwa Los Angeles 1926. Alikuwa mchapaji wa picha, halafu 1967 akaona maonyesho ya Joseph Cornell, yule wa kupanga vitu vya kuokota ndani ya viboksi, naye akaanza viboksi vyake. Martin Luther King alipouawa 1968 hasira zikampanda, akawa anakusanya mavyombo ya kizamani ya majumbani yenye sura zetu za kuchekesha.

Mwaka 1972 akatoa Ukombozi wa Aunt Jemima. Huyo Jemima ni yaya mweusi mnene, kitambaa kichwani, meno yote nje, alikuwa nembo ya unga wa chapati za maji za Kimarekani, na 1893 wenye unga walimsimamisha Nancy Green, mama aliyezaliwa utumwani Kentucky, amuigize kwenye maonyesho makubwa ya Chicago. Sasa angalia kiboksi chenyewe, kina urefu wa kama sentimita 30 tu. Ndani kasimama mwanasesere wa Jemima, ile ya kuwekwa jikoni ishike vikaratasi vya kuandikia vitu vya sokoni. Mkono mmoja ufagio, mwingine kashikishwa bunduki. Pale tumboni penye vikaratasi pana picha ya yaya mwingine kambeba mtoto analia, na mbele yake ngumi nyeusi imesimama, ile ishara ya harakati za weusi. Chini pamba. Ukuta wa nyuma umejaa lebo yenye sura ya Jemima, ile ile, ile ile, kama Warhol, yule msanii wa Kimarekani, na makopo yake ya supu. Tabasamu hajaligusa, ni lile lile la dukani, ndo maana linatisha!

Angela Davis, mwanaharakati mweusi wa Marekani, alikuja kusema vuguvugu la wanawake weusi lilianzia kwenye kazi hiyo. Kampuni ya ule unga ilitangaza kuiacha ile nembo 2020, baada ya George Floyd, yule mweusi aliyeuawa na polisi, yaani miaka 48 kiboksi kinawasubiri.

Lakini usishangilie haraka, maana Saar huyo huyo 1997 aliwaandikia barua watu zaidi ya 200 kumpinga Kara Walker, binti mweusi aliyekuwa anakata vivuli vya karatasi nyeusi vya enzi za utumwa, mambo ya ukatili na ya chumbani humo humo, na ametoka kupata tuzo kubwa ya MacArthur akiwa na miaka 27. Mama akasema hizo zinawaburudisha Wazungu wa magalari, yale majumba ya kuonyesha sanaa, na ndo wanaozinunua kama uwekezaji. Mi hapo niko nusu nusu. Walker ni fundi kwelikweli, ule mkasi wake siupati hata nikizaliwa upya, ila swali la mama Saar halijafa, nani anacheka na nani anaweka hela mfukoni.

Sasa tisheti yako. Kiboksi mtu anakisogelea, anainama, anaona bunduki, anaona tumbo. Tisheti inapita. Kazi ya vibao imenifundisha kuwa mteja wako yuko juu ya bodaboda, na kwenye skechi yako mtu wa bodaboda ataona meno na midomo basi, yale maandishi yako ya kejeli pale chini hayafikii, kwa hiyo utakuwa umewachapishia tusi lao bure tena kwa hela yako mwenyewe. Chora upya, anza na mikono, mpe cha kushika ambacho kinaonekana kabla ya meno. Ikikataa, iache, fanya print kubwa ya ukutani ambayo watu wataisogelea.

Na usinitumie kapicha kadogo ka wasap, tuma faili lenyewe niliprinti nilibandike kwenye mlango wa saluni ya jirani, nivuke barabara nilitazame.

Baba yako