Badilisha jina tu, dada

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza hivi: mtu anayetuma maombi ya kazi kila kukicha na haitwi kwenye usaili, kinachomkwamisha ni CV yake au ni kukosa mtu ndani? Naomba nijibu kwa kirefu kidogo, maana swali hilo hunikuta mara kwa mara nikiwa nimekaa mbele ya kompyuta. Nina steshenari hapa Morogoro mjini, huu mwaka wa kumi na moja. Nachapa, naprinti, naskani, na wale wasiojua kuingia kwenye mfumo wa ajira wa serikali nawajazia. Kwa hiyo nikisema tatizo ni CV, mtasema navutia maji upande wangu. Semeni tu.

Kwanza tumalizane na kimemo, yaani kupitishwa na mkubwa. Kipo. Nimewahi kumchapia mtu barua ya maombi, na kazi yenyewe alikuwa ameshaianza wiki mbili nyuma. Kazini kwake walichotaka ni faili likae sawa. Ukishaona jambo kama hilo unaweza ukakata tamaa, ukahesabu CV ni karatasi ya kukamilisha ratiba. Lakini hao wenye wajomba nao nawaona, kwa sababu wanakuja kuchapa hapahapa. Mjomba huwa hasemi "njoo Jumatatu uanze". Husema "nitumie CV yako nione nitafanyaje". Basi CV inaingia kwenye WhatsApp ya mjomba ikiwa na jina la "CV mpya (3)", inalala katikati ya picha za harusi na michango ya msiba, na siku akikutana na mkubwa mwenyewe hajui afungue ipi. Akibahatika kuipata, anamtumia mtu asiyekufahamu kabisa. Mjomba hatasimama pembeni ya huyo msomaji amwambie, hapa kijana wangu alimaanisha hivi. (Faili lako lipe jina lako na kazi unayoomba. Ni sekunde tano.)

Na mara nyingi anachokisoma huyo mtu ni maisha ya mwingine.

Nilikuwa na faili moja la CV kwenye kompyuta. Sikumbuki nani aliliacha, lilikuja na flashi ya mteja. Lina mstari wa bluu juu, picha kona ya kulia, na aya ya kwanza ya Kiingereza kilichonona inayoeleza kwamba mwombaji anajituma, anafanya kazi bila kusimamiwa na haogopi shinikizo. Mwishoni kuna mambo anayopenda: kusoma vitabu, kusafiri na kubadilishana mawazo. Mteja akilitupia jicho tu anasema, "Hiyohiyo, dada. Badilisha jina tu." Nami nikawa nabadilisha majina, mwaka hadi mwaka. Nadhani nusu ya vijana wa mji huu wanapenda kusafiri na kubadilishana mawazo. Ukimwomba mmoja wao akueleze ile aya ya kwanza inasemaje, anacheka.

Siku moja alikuja kijana aliyesomea ugavi. Nikabadilisha jina, shule, chuo na simu, nikasahau wadhamini. Wakabaki wale wa mteja aliyetangulia, ambaye alikuwa mwalimu. Kijana naye hakusoma. Alilipa, akachukua bahasha yake, akaondoka. Mwajiri akampigia mdhamini wa kwanza, mwalimu mkuu wa watu, naye akajibu ukweli wake kwamba kijana huyo hajawahi hata kumsikia. Alivyorudi dukani kwangu, maneno aliyonipa siyaandiki hapa, ila yalikuwa haki yake. Hela nilimrudishia. Nafasi ile sikuwa na namna ya kumrudishia. Wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako, na siku ile tulikuwa uchi wawili.

Tangu hapo sianzi kuchapa mpaka nimhoji mtu. Namwekea kiti, nachukua daftari, nauliza. Ndipo nilipoona kitu ambacho ndicho hasa jibu langu kwenu: watu wanaficha kazi walizozifanya kwa mikono yao, kisha wanapamba karatasi kwa sifa za kuazima.

Kuna binti alikuja mwaka juzi, ana stashahada ya uhasibu. CV aliyokuja nayo ilikuwa kurasa nne. Shule ya msingi imo, dini imo, hali ya ndoa imo, semina ya siku moja ya ujasiriamali imo. Baada ya chuo, kimya. Miaka mitatu mitupu.

"Mdogo wangu, hii miaka mitatu ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nyumbani tu, dada. Namsaidia shangazi dukani."

"Duka la nini?"

"La jumla. Unga, mafuta, sabuni."

"Jioni nani anafunga hesabu?"

"Mimi."

"Na mashine ya risiti?"

"Mimi. Shangazi hata kuiwasha hajui."

"Wanaokopa je?"

Hapo akacheka. Akasema wanaokopa wana daftari lao. Wenye maduka ya rejareja kama arobaini wanachukua mzigo kwa mali kauli, na yeye ndiye anayewapigia simu kila Ijumaa. Alipoanza, daftari lilikuwa limechanganyikana kiasi kwamba wengine walikuwa wanadaiwa mara mbili na wengine wamesahaulika. Akakaa nalo mwezi mzima usiku, akalihamishia kwenye Excel, kila mteja na tarehe zake.

Huyo ndiye aliyekuwa "nyumbani tu".

Tukaandika: msimamizi wa mauzo na hesabu, duka la jumla la familia, kuanzia mwezi fulani hadi mwezi fulani. Chini yake mistari mitatu. Alifunga hesabu kila siku kwa kulinganisha fedha taslimu, miamala ya simu na risiti za mashine ya EFD. Alitunza kumbukumbu za wateja wa mkopo wapatao 40 na kufuatilia malipo kila wiki. Alihamisha kumbukumbu hizo kutoka daftarini kwenda Excel. Basi. Yeye alitaka neno "familia" tulifiche, nikamkatalia. Ukilificha utakaa kwenye usaili unaomba Mungu wasiulize. Shule ya msingi tukaitoa, dini tukaitoa, semina tukaitoa, ile aya ya kujituma tukaitoa. Kazi ikatangulia mbele ya shule. Kurasa nne zikawa mbili, na ya pili haikujaa. Hatukuandika popote kwamba ni mwaminifu. Mtu aliyeshika hela ya shangazi miaka mitatu na bado wanakula sahani moja, hilo neno la nini tena?

Alituma sehemu sita, akaitwa mbili. Ya kwanza walimwacha. Ya pili ilikuwa taasisi ya mikopo midogo, na swali la kwanza lilikuwa juu ya lile daftari: wale wagumu kulipa ulikuwa unawafanyaje? Aliniambia aliongea mpaka wakamwambia inatosha. Yupo huko mpaka leo.

Mafundi ndio wanaojidhulumu zaidi. Fundi kachomelea mageti na matangi miaka minane, lakini kwa kuwa hakufika kidato cha nne anaona hana cha kuandika. Fundi, ukurasa mmoja unakutosha: unatengeneza nini, kwa mashine gani, unasoma mchoro au husomi, umefanyia kazi kwa nani. Na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, wanakupima kwa ulichojifunzia gereji na ukifaulu unapata cheti. Nenda kaulize chuoni kwao Kihonda, si mbali.

Jambo jingine ninalowalazimisha wateja ni kuja na tangazo lenyewe la kazi, siyo kuniambia "kuna nafasi mahali". Nawapa kalamu wapigie mstari kila kinachotakiwa. Tangazo likisema kutunza stoo na wewe umetunza stoo, hilo likae nusu ya juu ya ukurasa wa kwanza, kwa maneno yaleyale ya tangazo. Ukiomba kazi mbili tofauti, CV ni mbili. Hapa huwa wananung'unika, wanaona nataka hela ya kuchapa mara mbili. Marekebisho nafanya bure, waulizeni.

Kazi za serikali zina mambo yake. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma inapokea maombi kupitia mfumo wake wa mtandaoni, Ajira Portal, na huko rangi ya bluu na picha ya kona havikupeleki popote. Kinachotakiwa ni kujaza kila sehemu kikamilifu na kuambatisha kile walichosema. Matangazo yao yanarudia mambo yaleyale miaka yote: CV yenye anwani na simu zinazopatikana, wadhamini watatu wa kuaminika, cheti cha kuzaliwa, na kwa kawaida umri usiozidi miaka 45. Yanasema pia kwamba hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi, vinatakiwa vyeti vyenyewe. Likitoka tangazo leo, kesho asubuhi kuna mtu mlangoni kwangu ameshika hati ya matokeo, cheti kakiacha shuleni kwa sababu ya deni au uvivu wa nauli. Barua ya maombi unaruhusiwa kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, na bado watu wanachagua Kiingereza wasichokimudu wakati Kiswahili kimewalea.

Halafu majina. Cheti kinasema Hadija, kitambulisho cha taifa cha NIDA kinasema Khadija. Au cheti kina majina mawili na NIDA matatu. Mwenyewe anaona ni herufi moja tu, ila siku ya usaili wanaohakiki nyaraka wanaona watu wawili. Hilo shughulikia kabla hujaanza kutafuta kazi, kwa hati ya kubadili jina iliyosajiliwa au namna yoyote utakayoelekezwa na wakili. Usingoje uitwe ndipo uanze kukimbia.

Nisipitie pembeni na hili. Kuna wateja huinama mpaka masikio yanakaribiana, wananong'ona: "Anti, hii D ya Hesabu haiwezi kuwa C? Si una skana?" Skana ninayo. Huwa nawakumbusha Aprili 2017, uhakiki wa vyeti ulipobaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Walikuwemo watu wenye miaka mingi kazini, wamejenga, wanasomesha, wakaondolewa. Wengine hunielewa. Wengine huenda mtaa wa pili.

Kwenye wadhamini naomba niwe mkali, nina kovu lake. Mdhamini ni mtu aliyekuona ukifanya kazi: aliyekusimamia fildi, mwalimu wa chuo anayekukumbuka kwa sura, tajiri wako wa zamani kama mliachana salama. Siyo baba yako. Siyo mheshimiwa uliyepiga naye picha kwenye mahafali. Mpigie kabla hujamwandika, umwambie unaomba kazi gani. Nimewahi kumuuliza mama mmoja kama mdhamini wake anajua. Akasema amefariki, Mungu amrehemu, lakini jina lake bado lina uzito.

Na simu ipatikane. Andika namba mbili, moja ikiwa ya mtu wa nyumbani mwenye akili timamu. Barua pepe iwe ya jina lako. Ile uliyofungua kidato cha pili ukajiita mtoto wa mjini, iache ipumzike. Hata mlio unaomsikilizisha anayekupigia uangalie. Kijana mmoja aliniomba nimpigie kujaribu laini mpya, nikakaa nasikiliza mambo ya chumbani ya watu wazima mpaka akapokea.

Kwa hiyo mtu ndani au CV? Mwenye mtu ndani na asiye naye, wote nawakuta wameketi kwenye kiti kilekile hapa dukani, na wote wanaanza kwa kuniambia hawana cha kuandika. Mmesema wiki ijayo mtauliza kama kuna haja ya kulipia CV. Mimi natoza shilingi 1,000 kwa ukurasa, kuprinti 200, na hiyo ni hela ya vidole vyangu. Kukumbuka ulichofanya siwezi kukufanyia. Njoo na daftari uliloandika mwenyewe usiku, kazi zote hata za kwa shangazi, na miezi yake. Njoo na vyeti halisi na tangazo. Nafungua saa mbili asubuhi. Jumapili ni baada ya ibada, na umeme ukikatika tunasubiri wote.

Msomaji wenu, Morogoro