Kumzoeza Sungura Mkubwa Kushikwa na Kuchanwa: Ushauri kwa Wanaoanza

Wengi wanaoanza kufuga sungura wa aina kubwa nyumbani, hasa Flemish Giant, ambaye asili yake ni Flanders nchini Ubelgiji na ambaye akikomaa hupita kilo 6 bila shida, humchukulia kama sungura wa kawaida aliyenenepa. Hapo ndipo matatizo mengi ninayoulizwa yanapoanzia. Ninachomwambia kila mgeni ni hiki: usafi wake wote ufanyie sakafuni, na kumnyanyua liwe jambo la mwisho kumfundisha.

Sababu imo katika umbile lake. Mifupa ya sungura ni myepesi, ilhali misuli ya miguu yake ya nyuma ina nguvu nyingi, kiasi kwamba akipiga teke kwa hofu huku kiuno chake hakikushikiliwa anaweza kujivunja uti wa mgongo hata kabla hajaanguka. Tena ni mnyama anayewindwa, kwa hiyo kunyakuliwa kutoka juu humkumbusha mwewe. Picha za mitandaoni za mtu aliyembeba sungura mkubwa miguu ikining'inia huwafurahisha watazamaji, lakini mimi huniogopesha.

Tandika mkeka au kapeti ndogo isiyoteleza, kwa kuwa vigae humfanya akakamae, kisha keti chini karibu naye alfajiri au jioni, nyakati ambazo kwa kawaida huwa mchangamfu. Usimpelekee mkono puani moja kwa moja, maana kilicho mbele kabisa ya pua yake hakioni. Upitishe ubavuni hadi kwenye paji la uso. Akishapanda mkekani kwa hiari yake, mpe jani moja la giligilani au kipande cha karoti kisichozidi ukucha wako. Baada ya hapo weka brashi mkekani ainuse, mguse kwa mgongo wa brashi hiyo, na hatimaye mchane mara moja tu mgongoni kufuata ulalo wa manyoya, ukimtuza papo hapo. Acha kabla hajainuka kuondoka, kwa sababu ukingoja mpaka akimbie atajifunza kwamba kukimbia ndiko kunakomwokoa. Akisaga meno polepole huku macho yamelegea, ametulia. Akiyasaga kwa kishindo huku amejikunyata, huenda ana maumivu.

Kuchana si urembo. Sungura hujilamba na kumeza manyoya, na hawezi kutapika, kwa hiyo wakati wa kupukutisha manyoya mchane kila siku, na nyakati nyingine mara moja kwa wiki hutosha. Nyasi kavu zisikosekane mchana na usiku, kwani ndizo zinazosukuma kila kitu tumboni. Akisusia chakula na kinyesi chake kikikatika, usihangaike na brashi. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Manyoya yaliyofungamana yaachanishe kwa vidole, usiyavute na kuyakata kwa mkasi, kwa kuwa ngozi yake ni nyembamba na huinuka pamoja nayo. Usimwogeshe pia, palipochafuka pafute kwa kitambaa chenye unyevu.

Kucha zinahitaji watu wawili mwanzoni: mmoja amzungushie taulo na kumtuliza, mwingine akate. Kila mguu wa mbele una kucha tano, ya tano ikiwa imejificha kwa ndani, na wa nyuma una nne. Kucha zikiwa nyeusi, mulika kwa tochi ya simu uone mshipa wa damu unapoishia, na zikibaki chache ziahirishe hadi kesho. Damu ikitoka, bonyeza kwa unga wa ngano. Wapo wanaomlaza chali kwa sababu huacha kutikisika; kutulia huko ni woga, si utii. Kabla hujamwachia, tazama nyayo za nyuma, maana uzito wake huzichubua upesi, hasa akikaa juu ya sakafu ya waya.

Ikibidi kumnyanyua, piga magoti, mkono mmoja upite chini ya kifua na mwingine ubebe makalio, kisha mkumbatie kifuani pako. Unapomshusha, makalio yatangulie. Masikio hayashikwi kamwe. Kwa safari za hospitali, bora umfundishe kuingia mwenyewe kwenye kikapu kikubwa kwa kumlishia humo.

Jambo la mwisho ni ukali. Anapobalehe, na aina kubwa huchelewa kidogo, hata sungura mpole huweza kurusha mkojo, kupanda miguu ya watu, au kuuma mkono unaoingia bandani mwake. Kumpiga humfanya aogope mkono huo zaidi. Mwite atoke kwanza, apate majani yake nje, ndipo usafishe banda. Na akiendelea hivyo, zungumza na daktari wa mifugo mwenye uzoefu wa sungura kuhusu kumhasi.