Usiulize kama analala usiku kucha, tafuta kipande kirefu

Binti yangu wa kwanza alipofikisha wiki sita nilikuwa na daftari dogo chini ya mto. Kila alipoamka niliandika saa kwa penseli, gizani, mistari ikipandana. Saa tatu na robo, amelala. Saa tano kasorobo, ameamka, amenyonya kushoto. Saa saba. Saa nane na nusu. Saa kumi. Kila aliyekuja kumwona mtoto aliniuliza hata kabla hajaketi, "Analala usiku?" Nami kila nilipojibu hapana nilijiona mama niliyeshindwa kazi.

Sasa nina watoto wawili, na akina mama wapya ndio wanaoniuliza mimi: ataanza lini kulala? Nitajibu kwa kile nilichokiona kwenye daftari lile, na kwa yale niliyosoma na kuelezwa na wauguzi tangu hapo.

Mtoto mchanga analala sana, saa 14 hadi 17 kwa siku, lakini usingizi wenyewe umekatwakatwa. Tumbo lake ni dogo, maziwa ya mama yanasagika haraka, na anahitaji kunyonya mara 8 hadi 12 ndani ya saa 24. Tena hajui bado usiku ni nini na mchana ni nini. Alipokuwa tumboni alipokea melatonini, ile homoni ya usingizi, kutoka kwa mama yake. Akishazaliwa inambidi atengeneze yake mwenyewe, na mpangilio huo huanza kushika kati ya mwezi wa pili na wa tatu. Kwa hiyo mtoto wa wiki tatu anayeamka kila baada ya saa 2 hana kasoro yoyote. Na katika siku za mwanzo kabisa, kabla hajarudia uzito aliozaliwa nao, anayelala mno ndiye wa kuangaliwa. Huyo mwamshe anyonye, usingoje alie.

Kipindi hicho hakina mengi ya kufanya. Mchana fungua mapazia na shughuli za nyumba ziendelee na kelele zake. Usiku taa iwe hafifu, maneno machache, nepi ibadilishwe pale inapolazimu tu.

Baada ya hapo ndipo vipande vinapoanza kurefuka, na hapa naomba tuelewane juu ya maneno. Watu wanaposema mtoto "analala usiku kucha" kila mmoja ana maana yake. Mwaka 1957 watafiti wawili, Moore na Ucko, walichapisha uchunguzi wa watoto wa London, na kwao mtoto aliyelala kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na moja alfajiri alihesabiwa kuwa ametulia. Ni saa 5 tu! Kwa kipimo hicho, watoto wapatao 70 katika kila 100 walikuwa wametulia kufikia miezi 3. Ukirefusha kipimo, picha inabadilika kabisa. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wakiwa na miezi 6, asilimia 38 ya watoto hawakuwa wakilala saa 6 mfululizo, na hata walipofikisha mwaka mmoja asilimia 28 hawakuwa wamefika hapo. Watafiti hao hawakuona kwamba wanaoamka wamebaki nyuma kimakuzi. Laiti ningesoma hayo wakati ule wa daftari.

Wangu wawili walinyonya maziwa yaleyale na kulala chumba kilekile. Binti alilala saa 4 na nusu mfululizo kwenye wiki ya tisa, na wiki ya kumi na mbili akafika 6. Mdogo wake alifika 6 akiwa na miezi 11, mimi ni yuleyule, nikifanya mambo yaleyale. Anayekwambia mtoto wake alilala mapema kwa sababu yeye alijua kumfundisha, huenda anaye mtoto kama binti yangu.

Lakini kuna jambo moja ambalo mzazi anaweza kuliharibu, nami nililiharibu kwa wiki nyingi. Usiku mmoja binti akiwa na wiki saba hivi nilimsikia akiguna. Nikainuka upesi, nikapitisha mkono chini ya shingo yake nikamtoa kitandani. Uso ulikuwa umekunjamana, macho nusu wazi, mdomo unachezacheza kama ananyonya. Nilipomweka kifuani ndipo alipofumbua macho sawasawa, akanitazama, akaanza kulia. Nikampa ziwa, akalikataa. Ilinichukua karibu saa nzima kumlaza tena. Nilipomsimulia muuguzi mmoja mtu mzima aliniambia, "Mwanangu, huyo mtoto hakuwa ameamka. Umemwamsha wewe."

Karibu nusu ya usingizi wa mtoto mchanga ni usingizi wa purukushani: anaguna, anarusha miguu, anatabasamu, pumzi inakwenda haraka halafu inapoa, hata kilio kifupi kinamtoka, na yote hayo bado amelala. Tangu siku ile nilijifunza kungoja kidogo. Simaanishi kumwacha alie. Niliweka mkono juu ya godoro karibu naye, nikahesabu pumzi zangu kumi, nikisikiliza kama lile guno litageuka kilio cha kweli. Mara nyingi halikugeuka. Alikunja ngumi, akajinyonganyonga, akashusha pumzi ndefu, halafu vidole vikafunguka kimoja kimoja. Siku hizo chache za kungoja ziliongeza kipande chake kirefu kuliko kitu kingine chochote nilichojaribu.

Mwezi wa nne utakuja kukuvunja moyo, afadhali nikwambie mapema. Binti aliyekuwa akilala saa 6 alirudi kuamka kila baada ya saa 2, nami nikadhani maziwa yangu yamepungua. Hayakuwa yamepungua. Katika umri huo usingizi wa mtoto unabadilika umbo na kuanza kufanana na wa watu wazima, wenye mizunguko inayokwenda kina na kurudi juu. Kila mzunguko unapoisha anakaribia kuamka, kama sisi sote, ila sisi tunageuka ubavu na kuendelea. Yeye alilala akiwa na ziwa mdomoni, sasa anashtuka yuko peke yake kwenye shuka baridi. Lazima aite. Nilichofanya ni kumlaza akiwa bado kwenye mang'amung'amu, macho mazito lakini hajazama, mara moja kwa siku, kwenye usingizi wa kwanza wa usiku tu. Kwa binti ilichukua kama wiki tatu akaanza kushika. Kwa mdogo wake haikusaidia sana, nikaacha, nikamnyonyesha alale, na sijuti.

Utashauriwa mengi wakati huo, na mengine ni ya hatari. Kumwongezea nafaka kwenye chupa ya maziwa ili ashibe alale: usifanye, anaweza kupaliwa, na Shirika la Afya Duniani linataka mtoto apewe maziwa ya mama pekee hadi miezi 6. Dawa ya mafua au ya kikohozi ili asinzie: kamwe. Kumlaza kifudifudi kwa kuwa "analala vizuri zaidi": ni kweli watoto wengi hulala fofofo wakiwa kifudifudi, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu hawaamki kwa urahisi hata pumzi inapowapungukia. Mlaze chali, usiku na mchana, kwenye godoro gumu lililonyooka, bila mto wala blanketi zito wala midoli, chumbani mwako kwa angalau miezi 6 ya kwanza. Na ukijiona unasinzia naye kwenye sofa, ondoka hapo. Sofa ni mahali pabaya kuliko vyote pa kupitiwa na usingizi ukiwa na mtoto mikononi.

Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la 38 au zaidi apelekwe hospitali saa hiyohiyo, iwe usiku wa manane. Vivyo hivyo anayelala hadi hataki kunyonya, au anayepata taabu kupumua. Anayekoroma kila usiku, au asiyeongezeka uzito, mwonyeshe daktari.

Sasa nirudi kwenye daftari, maana kuna kitu lilinionyesha ambacho hakuna aliyekuwa ameniambia. Mistari ya wiki ya tisa hadi ya kumi na moja ilikuwa na pengo moja kubwa kila usiku, na pengo hilo lilikuwa mahali palepale: mwanzoni. Binti alilala saa mbili usiku, akaamka saa sita na nusu au saa saba. Kuanzia hapo hadi alfajiri ni vipande vya saa 2, saa 2. Ndivyo ilivyo kwa watoto wengi, kipande kirefu kinakuja mapema. Na mimi nilikifanyia nini? Nilifua, nilikunja nguo, nilijibu ujumbe kwenye simu, nikapanda kitandani saa tano. Nililala kwa muda wa saa 1 na nusu tu, halafu nikaingia kwenye ile sehemu mbaya ya usiku nikiwa tayari nimechoka hoi. Wiki nzima nilikuwa nalia bafuni nikisema mtoto halali, na kumbe mtoto alikuwa akilala saa 4 na nusu. Mimi ndiye niliyekuwa silali.

Nilimwonyesha mume wangu ile mistari. Kunyonyesha kulikuwa kumeshatulia, maziwa yanatoka vizuri, kwa hiyo tulikubaliana: saa mbili na nusu nakwenda kulala chumba cha pili na kufunga mlango, yeye anabaki na mtoto hadi saa saba. Akiamka kabla, anampa maziwa niliyokamua. Nguo zisubiri. Aliye peke yake amwombe dada, mama au rafiki anayemwamini amshikie kipindi hicho hata usiku mmoja tu kwa wiki. Na akikosa mtu, alale mtoto anapolala, sahani zibaki zilivyo.

Saa saba na dakika kumi mume wangu alinigusa bega. Nilikaa kitandani nikinyonyesha, kichwa chepesi, nikalivuta daftari. Chini ya mstari wa mtoto nikaandika mstari wa kwanza wa kwangu: saa 4 na dakika 30, bila kugutuka.