Jibu: Broccoli haitoi mwanga kwenye tyubu

Jambo ndugu. Unasema RNA yako ya Broccoli (si mboga, ni kipande cha RNA kilichobuniwa maabara ili kiiwashe rangi kinayoishika) imetoka safi kwenye jeli ya kupimia, umeitilia rangi yake, DFHBI-1T, na bado hakuna mwanga. Anza na lebo ya bafa, yaani ule mchanganyiko wa chumvi ulimo RNA: ina potasiamu, au sodiamu tupu? Mimi hapa Bukavu nilipoteza juma zima kwa hilo. Zile guanini (herufi G za RNA) zinazojipanga nne nne chini ya rangi hushikwa na potasiamu. Nilitia kloridi ya potasiamu, milimola 100 kwa lita, na magnesiamu kidogo. Nikapasha RNA, nikaiacha ipoe polepole, ndipo nikatia rangi. Umeme ulikuwa umekatika (kama kawaida), nikamulika kwa kurunzi ya buluu kupitia plastiki ya chungwa: kijani kikawaka. Ndani ya seli hai sijajaribu.